Nyuzi Zilizokakamaa

Mama mtu alikuwa amekata shauri: sindano ya kesho haendi.

"Nywele zote zimebaki kwenye mto. Imetosha," alisema, akajifunga kilemba upya.

Binti yake, mtafiti ambaye kaka zake humtania kwa jina la Bibi Darubini, alipandwa na hasira. Mtu ana uvimbe wa titi, anaacha dawa kwa ajili ya urembo! Hakubishana. Alimpeleka maabara anakofanyia kazi, akamketisha mbele ya kompyuta, maana huko ndiko alikojua kusema.

"Tazama, mama. Hii ni seli moja, inajiandaa kuwa mbili."

Seli ilijikusanya ikawa duara. Nyuzi zikachomoza kutoka pande mbili, zikirefuka na kufupika, zikipapasa mpaka zikanasa kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba urithi. Kila kifurushi kilivutwa huku na huku, na hakuna upande uliolegeza. Cha mwisho kiliponaswa, vyote vikapasuka kati kwa mkupuo, nusu huku, nusu kule. Kisha mkanda ukajikaza kiunoni mwa seli kama kamba ya suruali, hadi ikakatika.

"Kumbe humu ndani kuna kazi hivi!" mama, fundi cherehani wa miaka mingi, akacheka.

Binti akafungua picha za seli zilizotiwa dawa. Nyuzi zilikuwa zimekakamaa, hazirefuki wala hazifupiki. Seli ikangoja wee, mwisho ikafa.

"Hiyo ndiyo dawa yako. Inazuia uvimbe usijigawe."

"Inautambuaje uvimbe?"

Swali hilo hakulitegemea. "Haiutambui. Inakamata seli yoyote inayogawanyika haraka. Hata za kwenye mashina ya nywele."

Mama akapeleka mkono kichwani. "Kwa hiyo kweli ni dawa iliyozing'oa?"

"Sasa ingekuwa nini?"

"Manesi walisema hivyo, nikadhani wananifariji tu. Mimi nilijua ugonjwa umeshapanda kichwani. Nikasema, mtu wa leo au kesho anachomwa sindano za nini?"

Maisha yote ya kazi ya binti ni seli zinazogawanyika, na nywele za mama yake aliwaachia manesi wazieleze. Aibu ilimshika, akalia waziwazi.

"Nyamaza, mwanangu. Na huu wa kifuani, umekamatwa?"

"Bado hatujui, mama."

Mama akachukua mkoba wake. "Basi kesho usinicheleweshe."