Neno la Dalali Nathanaeli

"Tamka tu, babu, kama unavyotamka siku zote," Anitha alisema, akiisogeza simu karibu na kidevu cha mzee. "Neno moja, basi."

Nathanaeli aliitazama simu ile kama mtu aliyemwona nge kwenye kiatu. Vumbi la mnada wa Ihumwa lilikuwa limeanza kupanda, na kengele za ng'ombe zililia kila upande.

Alikwisha kumpa mengi binti huyu wa chuo kikuu: majina ya rangi za ng'ombe, maneno ya kumchokoza mnunuzi bahili, hata kikohozi chake. Anitha alikuwa akifanya utafiti wa masoko ya mifugo na mitambo mipya. Alitaka simu zijifunze sauti za wazee, ili asiyejua kusoma aweze kuuza na kununua kwa mdomo wake tu. Jambo zuri. Ila lilibaki neno moja, na ndilo lililomlisha Nathanaeli tangu ujana. Dalali akimpiga ng'ombe mgongoni na kusema "Imehama!", mali imehama. Hata mnyama akianguka papo hapo akafa, ni wa mnunuzi.

"Mjukuu wangu, sauti yangu italala wapi?"

"Kwenye hifadhi ya mradi."

"Mradi wa nani?"

"Wa chuo. Na wafadhili."

"Wafadhili akina nani?"

Anitha akaipangusa simu vumbi. "Wako wengi, babu."

"Basi na masikio yao ni mengi. Kesho watahamisha mali za watu kwa sauti yangu, mimi nimelala."

Hapo mama mmoja muuzaji, Ruthu, akafika akimvuta ng'ombe wake mwekundu, wa mwisho zizini. Nyuma yake alikuja Bernardo, mwenye bucha kule Nzuguni. Walivutana, wakapatana.

"Haya, mzee, sema nimchukue," Bernardo alihimiza.

Nathanaeli akainua mkono. Pembeni akaiona simu ya Anitha, kioo kinawaka. Mkono ukabaki hewani.

"Umemeza mfupa?" Bernardo aliuliza. Watu wakaangua kicheko.

"Mchukue tu."

"Bila neno? Kesho huyu mama aseme hajauza? Mimi naenda kwa wengine."

Ruthu akamshika mzee mkono. "Baba, nakuomba. Kesho mama yangu anapasuliwa macho. Akiondoka huyu, nitampata nani?"

Mzee akatazama simu, akamtazama Ruthu. Bernardo alikuwa amekwisha kugeuka. Ndipo Nathanaeli, ambaye sauti yake husikika hadi relini, akamkamata ukosi wa shati, akamvuta na kumnong'oneza sikioni. Kisha akampiga ng'ombe mgongoni, paa!

Bernardo akajifuta mate sikioni. "Imehama!" alipaza sauti, akicheka.

Nathanaeli akashtuka, kisha akatema chini. "Kwa sauti yako wewe hahami hata kuku."

Siku ile wanunuzi wote walileta masikio. Waliinama mmoja mmoja kama wanaoungama, huku wengine wakiwatania.

Jua lilipoanza kushuka, Anitha akaja mikono mitupu. Simu aliitia mkobani.

"Na mimi ninong'oneze, babu. Nataka kulisikia tu."

Akainamisha kichwa. Nathanaeli akalitazama sikio lile dogo, na hereni yake. Akautazama mkoba. Zipu haikufungwa yote, na ndani kulikuwa na mwanga mwembamba.

Akafungua mdomo, akaufumba, akangoja mwanga ule uzimike.