Kutu ya Mikono

Tangu apigiwe simu ile, hakuna kiti alichokikalia Kapteni kikapata joto. Alikaa, akainuka, akafungua friji, akaifunga bila kuchukua kitu, kisha akasimama dirishani akitazama mawingu kama anayemngoja mgeni aliyechelewa. Mama yake, ambaye macho yake hayakuwa yakiona vizuri lakini masikio yalikuwa mazima, alimwambia kama anatafuta kazi ya ulinzi basi ameshaipata, azunguke tu nyumba.

Mtaa mzima ulimwita Kapteni, ingawa kwa miaka mitatu chombo pekee alichokiongoza kilikuwa kigari cha shule ya udereva, chenye pedali ya pili ya breki upande wake. Kabla ya hapo alikuwa rubani wa ndege za mizigo. Kampuni ilipofunga milango, marubani walitawanyika kila mmoja na njia yake, naye akaangukia kufundisha watu kurudi nyuma bila kugonga ukuta. Sasa shirika kubwa la ndege lilikuwa likitafuta marubani wasaidizi, na kwa simu ile lilikuwa limemwita kwenye mahojiano. Sharti lilikuwa moja: aje akiwa ameruka siku za karibuni. Saa zake za zamani za kuruka zilikuwa nyingi, ila hapo zilihesabiwa kiporo.

Mkewe, muuguzi asiyependa maneno mengi, alimwambia achukue likizo aende klabu ya ndege akatoe kutu. Akaenda asubuhi iliyofuata.

Aliyemkuta klabuni ndiye aliyemvuruga. Mkufunzi wa zamu alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, binti ambaye Kapteni alimfundisha kuruka kwenye uwanja huohuo kabla ya kwenda kurusha ndege za mizigo. Sasa alikuwa mtu mzima, miwani ya jua kichwani, funguo za ndege mkononi. Alimwamkia kwa heshima zote, akamweleza utaratibu: aliyekaa muda mrefu bila kuruka hapewi ndege peke yake mpaka mkufunzi aridhike.

Kapteni alicheka, akasema hakuna shida.

Shida ilianza wakiwa hewani. Mdomo wake ulikumbuka kila kitu, mikono haikukumbuka. Alikuwa akieleza jambo moja huku mkono ukifanya lingine, na ile ndege ndogo, nyepesi kama karatasi, ilimjibu kila alipoigusa kwa nguvu alizozoea kutumia kwenye madege mazito. Siku hiyo upepo ulikuwa wa ubavuni. Walipokuwa wakishuka kutua, pua ya ndege ikakimbilia kushoto, akairudisha kwa pupa, ikakimbilia kulia, na ardhi ilikuwa inakuja.

"Nimeshika mimi," mkufunzi alisema, bila kupaza sauti.

Aliachia. Binti aliongeza nguvu ya injini, akaipandisha ndege, wakazunguka upya. Waliposhuka mara ya pili Kapteni alitua mwenyewe, lakini magurudumu yaligonga lami mpaka meno yakamgongana.

Alimwambia binti wa watu kwamba yeye alishatua na shehena nzima kwenye mvua, kwenye viwanja visivyo hata na uzio. Mkufunzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua, mwalimu. Hadithi hizo nilizisikia kwako mwenyewe. Lakini leo sikuachii ndege peke yako. Njoo kesho."

Jioni aliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Mama alipopata habari, aliuliza kama wale anaowafundisha magari nao warudishiwe ada. Kapteni hakucheka. Mkewe alimnyang'anya sufuria.

"Kinachokuuma ni kukosea," alimwuliza, "au kukosea mbele yake?"

Alitoka nje, akampigia rafiki yake wa enzi za mizigo, jamaa waliyemwita Mrefu. Mrefu alimwambia hana haja ya kujitesa: upande wa pili wa mji kuna uwanja wa mtu binafsi, unakodi ndege, unaruka, hakuna anayekuuliza ulilala wapi.

Basi kesho yake hakwenda klabuni. Alikwenda huko. Na kweli, mwenye ndege alikuwa akizungumza kwenye simu. Alimtupia funguo, akampungia mkono kuelekea ilipoegeshwa, akaendelea na maongezi yake. Kapteni aliikagua ndege, akaingia, akawasha injini, akasogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimenyooka ubavuni, kama jana. Akaweka miguu kwenye pedali. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka.

Aliutazama mguu ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kama ndege ingekimbilia kushoto, hapakuwa na wa kusema ameshika. Na kama isingekimbilia, angefika kwenye mahojiano na saa zake za karibuni, apewe kazi, na siku moja nyuma ya mgongo wake wawe wamekaa watu wamefunga mikanda, wengine wamesinzia, wanamwamini.

Aligeuza ndege, akairudisha, akazima injini. Mwenye nayo alipouliza kama ina kasoro, alisema ndege ni nzima.

Alifika klabuni saa sita mchana, jasho likimtiririka. Mkufunzi alikuwa anakula. Kapteni alisimama mlangoni, akapiga moyo konde.

"Nifundishe upepo wa ubavuni," alisema. "Tuanze mwanzo, kama sijui."

Binti aliweka kijiko chini, wakaenda.

Siku zile aliruka na kutua mpaka akawa anaiota lami. Alikatazwa kuzungumza angani, na kunyamaza kulimwia kugumu kuliko upepo. Alikosea, akaambiwa, akameza. Polepole mikono ikaacha pupa. Mchana mmoja, wakiwa wameegesha injini ikinguruma, mkufunzi alifungua mlango wake na kuteremka.

"Nenda, mwalimu. Ndege ni yako."

Aliruka peke yake siku hiyo, na siku zote za likizo zilizobaki. Alikwenda mbali mpaka paa za mji zikaisha, akarudi, akaenda tena, kila mara akitamani ifike kesho.

Kwenye mahojiano walimweka kwenye chumba cha ndege ya kuigiza, wakamletea upepo, wakamzimia injini moja. Baadaye mmoja wao alimwuliza nani alimrudisha hewani. Alisema ni mwanafunzi wake, akaeleza yote, na safari ya ule uwanja wa pili pia. Waliandika tu. Alitoka bila kujua amejenga au amebomoa.

Wiki zilizofuata zilimtafuna. Alirudi kazini, na simu ilipoita alikuwa na mwanafunzi, mama mmoja mwoga, katikati ya mzunguko wa barabara, magari yakipiga honi kila upande. Kapteni aliiacha ilie. Alimtoa mama yule taratibu, akamwambia aegeshe, ndipo akapiga.

Wamemchukua, awe rubani msaidizi. Aripoti mafunzoni mwezi ujao.

Alishukuru, akakata, akafungua mlango. Alilizunguka gari lile, akalizunguka tena, mikono kiunoni, huku mama wa watu akishusha kioo na kumwuliza kama kuna tairi lililopasuka.