Mzigo wa Mtetea

"Mnyoo wa kuingia ndani ya kuku wangu bado haujazaliwa," alisema Mayala, tena kwa sauti ya kufika ng'ambo ya reli, maana kujisifu kwa kunong'ona ni sawa na kuvaa suti gizani.

Alikuwa kijiweni, pale Igalula jirani na stesheni, mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa, wa pili unachora hewani ukubwa wa majogoo yake. Hoja yake ilikuwa fupi na wasikilizaji waliipenda. Minyoo, alieleza, ni maradhi ya kuku wa kisasa, wale weupe wanaolelewa kwa taa kama wagonjwa mahututi. Kuku wa kienyeji anakula kumbikumbi, anakula pumba, anakula hata kipande cha sabuni cha jirani. Tumbo lake ni tanuri, mnyoo ukiingia humo unaiva. Watu wakacheka wakaongeza kahawa. Mayala alikuwa na cheti cha kidato cha nne na ulimi wa chuo kikuu, na kijiweni huulizwi cheti.

Aliyeonja ukali wa ulimi huo kuliko wote ni Bi Mwanajuma, mjane waliyepakana naye uani. Huyu alikuwa na kawaida ya kuwanywesha kuku wake dawa ya minyoo kila baada ya miezi kadhaa, na kila Mayala alipomwona na ndoo yake alimwuliza juu ya ua kama wagonjwa wameamkaje, na kama wodini kumebaki kitanda. Bi Mwanajuma aliendelea kumimina dawa yake. Marehemu mumewe alikuwa mchinjaji wa mtaa, na alipofariki kisu kikabaki kwa mkewe; Wakristo kwa Waislamu walimwita yeye, ili kitoweo kikiwekwa mezani kila mgeni ale bila kuuliza. Mtu anayeshika kisu cha mtaa mzima hana haja ya kubishana na vijana.

Tena kuku wenyewe, tukiacha mbwembwe, hawakuwa wa Mayala. Walikuwa wa mama yake, Josepha, na Josepha aliwafuga kwa kazi moja. Binti yake Elieth, aliyeolewa Ulyankulu, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mzazi hapewi ugali na mlenda akaambiwa apone. Mzazi ananyweshwa supu ya kuku, leo na kesho na keshokutwa, mpaka damu irudi na maziwa yashuke. Josepha alimkabidhi mwanawe banda tangu msimu wa kupanda, akamwambia kwamba mwaka huu hamtaki kitu kingine: siku mtoto akifika, awakute kuku wana nyama. Mengine yote angemsamehe.

Sasa siku zilikaribia, na nyama haikuwepo.

Ilianza kwa mtetea mwekundu, yule mkubwa, mama wa nusu ya banda. Kilemba chake kilipauka kikawa rangi ya ufizi wa mgonjwa. Mayala alimshika kifuani akakuta mfupa wa kidari umechongoka kama ukingo wa jembe, na huyo ndiye aliyekula pumba kuliko wenzake wote. Vifaranga nao wakaanza kusimama peke yao juani, wamefumba macho, mabawa yameshuka kama makoti ya kuazima. Kuzunguka macho ya kuku kulikuwa na vidoa vyeusi. Mayala alivifuta akidhani ni tope. Havikutoka. Alipochokonoa kimoja kwa ukucha, kikatembea kidoleni.

Mama yake alipouliza, alisema ni jua. Elieth alipouliza, akiwa amekaa mlangoni na tumbo lake limetangulia, alimwambia kuku wanafanya diet kwa ajili ya harusi. Elieth akacheka huku ameshika kiuno, kisha akawatazama wale kuku kwa muda mrefu kidogo kuliko mzaha unavyotaka.

Siku moja tembe mmoja, hajataga hata yai moja, alikutwa amelala ubavu nyuma ya kinu. Mayala alimchukua haraka mpaka kwenye jalala la majivu ili amfukie kabla mama hajarudi kutoka shambani. Lakini kulikuwa na wembe mfukoni, na kulikuwa na somo la baiolojia ambalo bado halijamtoka kichwani. Akampasua. Akauvuta utumbo, akauchana taratibu.

Alitarajia kidonda, au pengine ile sabuni ya jirani. Utumbo ulikuwa umejaa kama soksi iliyoshindiliwa kamba. Minyoo mirefu, myeupe, imelala bega kwa bega bila nafasi ya kupitisha unyasi, na mahali pamoja ilikuwa imejifunga fundo, fundo hasa, hata punje ya mtama isingepenya. Mayala akakaa chini juu ya majivu. Minyoo aliisoma shuleni, akaichora kwa penseli, akapata vema. Ila mnyoo wa daftari ni mmoja, nao hautikisiki. Hii ilikuwa umati. Ilikuwa na mji wake, humo ndani, kwenye giza na joto, wakati yeye yuko kijiweni anachora majogoo hewani. Alitafuta utani wa kusema, hata wa kujisemea mwenyewe, hakuupata.

Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kuulizia kazi Tabora mjini. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo la Nurjahan, mama wa Kihindi aliyezaliwa juu ya duka hilohilo na anayewajua mbuzi wa mkoa mzima kwa magonjwa yao. Mayala alimwamkia kwa adabu zote, akaeleza kwamba ametumwa na rafiki yake. Rafiki huyo ni mzembe kidogo, kuku wake wamekonda. Nurjahan akauliza kinyesi chao kikoje. Mayala akakieleza kwa kirefu. Akauliza kuhusu macho. Mayala akaeleza kwa kirefu zaidi, mpaka jinsi vidoa vinavyotembea.

"Huyo rafiki yako," akasema Nurjahan, akifungua kabati, "mnalala banda moja?"

Alimpa dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa, na unga wa kuwaua wale viroboto wa machoni. Akamwelekeza awanyime maji tangu jioni ili asubuhi wainywe dawa kwa kiu, awafungie ndani, kinyesi chote akikusanye na kukichoma, fito za kulalia azimwagie maji ya moto, na baada ya wiki chache arudie, kwa sababu mayai ya minyoo yanabaki ardhini yakingoja. Kisha akaweka kidole juu ya maandishi ya pakiti na hakukiondoa mpaka Mayala alipoyatazama.

"Nyama na mayai, hapana, mpaka siku zilizoandikwa hapa ziishe. Hapo rafiki yako asilete ujanja."

Rafiki hakuleta ujanja. Alimwambia mama yake kwamba kicheche ameonekana mtaani, kwa hiyo kuku watafungiwa. Jioni akapindua vyombo vya maji. Asubuhi, mama na Elieth wakiwa wameondoka kwenda kliniki, akawawekea dawa, nao wakajipanga kwenye beseni, wanachota, wanainua vichwa juu, wanachota, kama watu wanaoshukuru. Aliwapaka unga mmoja mmoja, kichwani na chini ya mabawa, akipiga chafya kuliko wao. Kisha akabandua fito.

Chini ya ufito wa kwanza, gome lilikuwa linatembea. Ilimbidi ainame ndipo aelewe. Ni utitiri, mwekundu, mdogo kama vumbi la pilipili, umeshikana mstari kutoka ufa hadi ufa, wengine wanakwenda wameshiba, wengine wanarudi na njaa, wanapishana bila kugongana, kama ule msafara wa zamani uliopita nchi hii kwenda Ujiji na kurudi pwani. Njia kuu nzima, juu ya kijiti cha banda la kuku, na yeye hakuwahi kusikia hata mlio wa kengele yake. Alisimama na birika la maji ya moto mkononi mpaka mkono ukachoka. Ndipo akamwaga.

Alfajiri iliyofuata alifungua banda kabla ya mtu kuamka. Dawa ilikuwa imefanya kazi. Sakafu yote, chini ya mahali pa kulala, ilikuwa kana kwamba mtu amemwaga sufuria ya tambi za Idd. Na tambi nyingine bado zilikuwa zinajinyonganyonga polepole kwenye mwanga wa kwanza, zimetolewa kwenye joto lao na hazijui ziende wapi. Mayala alipiga magoti. Alichukua kijiti akajaribu kutenganisha mzigo wa kuku mmoja na wa mwenzake, akashindwa, akaacha. Ule wa mtetea mwekundu ulijulikana wenyewe. Ulikuwa kichuguu.

Babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Hilo Mayala alilijua tangu utotoni, na alilisema kila penye watu: kwamba babu alibeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa Unyamwezi mpaka baharini, bega likaota sugu kama kwato. Ila mpagazi, hata aliyetaabika vipi, jioni alitua. Mtetea huyu hakuutua mzigo wake. Alipanda nao fitoni na kushuka nao. Alitaga akiwa nao, akaatamia, akatotoa, akamkabili mwewe mchana kweupe mbele ya vifaranga wake, na kila punje aliyookota iliwahiwa njiani na wale wa ndani. Hakulia. Hakuna kuku anayelia kwa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Na aliyekuwa akimjazia bakuli ndiye aliyekuwa akipita mitaani akitangaza uzima wake.

Mtetea alisogea. Alisimama mbele ya magoti yake, kilemba kimepauka, akamgeuzia jicho moja, kama kawaida yao wanapotaka kumwona mtu vizuri.

"Shikamoo," akasema Mayala.

Ilimtoka tu, na hakucheka. Alikaa hivyo mpaka jua likachungulia, kisha akafagia kila kitu na kukichoma.

Mtoto, kwa upande wake, hakusoma pakiti. Alikuja siku mbili baadaye, mapema kuliko alivyotarajiwa, pale zahanati. Wa kike, mzima, mwenye sauti ya treni. Elieth alipoteza damu nyingi. Alirudishwa nyumbani anatembea kwa kushika ukuta, midomo mikavu, na neno la kwanza aliloomba ni supu.

Mayala alikuwa ametoka kuchota maji aliposikia kuku analia uani. Akapita mbio na ndoo, maji yakimwagika miguuni. Mtetea mwekundu alikuwa chini, amefungwa miguu. Bi Mwanajuma amechuchumaa kando yake ananoa kisu kwenye jiwe, polepole, kama hana safari nyingine maishani. Josepha amesimama na sufuria.

Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema: wamekunywa dawa. Mayala akasema mengine yote. Alisema huyo ndiye anataka kuatamia, asichinjwe. Josepha akasema basi na akamatwe yule mweusi. Mweusi, alisema Mayala, alimeza msumari. Jogoo je? Jogoo ameahidiwa mtu wa stesheni. Josepha akamwuliza kwa sauti ya chini, ile mbaya, kama dada yake anyweshwe maji ya moto na vichekesho. Kutoka ndani Elieth akaita kwamba wasigombane, yeye hata uji utamtosha. Mtoto akalia. Mayala akaiona supu ikiwa maziwa, na maziwa yakiingia kwenye kinywa kile ambacho hakijapewa hata jina. Akamchukua mtetea akamkumbatia na kamba zake.

"Asichinjwe hata mmoja, mama. Usiniulize."

Bi Mwanajuma akaacha kunoa.

"Nimekinoa kisu hiki mpaka kinataka kwisha, nikimngoja aseme mwenyewe," alimwambia Josepha. "Hawa wamekunywa dawa ya minyoo juzijuzi, nyama yao bado hailiki. Nitaleta wangu. Wa kwangu siku zao zilishapita."

Josepha akamgeukia mwanawe. Minyoo gani, aliuliza, na kuku wake si hawana?

Hapo Mayala alikuwa bado na nafasi. Lakini ulimi ukawahi. Akasema ilikuwa kinga tu, vitamini kama vitamini, na wala hakukutoka kitu.

"Nilikuwa natia udhu upenuni," akasema Bi Mwanajuma. "Nilisali, nikamaliza, nikarudi, nikakukuta palepale umepiga magoti kwenye kinyesi. Kisha ukamwamkia huyo kuku shikamoo." Akakifunga kisu kwenye kitambaa chake, akasimama. "Mimi hapa umenipita na ndoo yako, hujaniamkia."