Studio Iliyogeuka Duka la Makochi

Watu wa redio walimwita Nukta, na jina likamganda mpaka uzeeni. Alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, na waigizaji wake walizoea kulalamika kwamba bwana huyu hajui koma, ni nukta tu, sentensi zake fupi kama kikohozi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa la kuandika.

Lakini tangu mkewe afariki, kalamu iligoma. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alimnunulia karatasi nzuri na kumsogezea meza dirishani apate hewa. Nukta alikaa hapo asubuhi baada ya asubuhi. Mwishowe akapata kurasa chache kuhusu mfalme wa nchi ya mbali. Alipozisoma akaziona zimenyooka kama shati la dukani, na ndani yake hamna mtu.

"Baba, toka kidogo," binti yake akamwambia. "Utaota mizizi hapo. Nenda ukaone watu."

Akazikunja zile kurasa, akazitia mfukoni, akatoka. Miguu ikampeleka yenyewe kulikozoeleka, jengo la zamani la redio.

Redio ilishahama. Chumba cha kurekodia sasa kilikuwa duka la makochi. Ukutani yale mabamba ya vitundu yaliyokuwa yakimeza mwangwi yalikuwepo bado, ila yamepakwa rangi ya waridi, na pale paliposimama maikrofoni pamewekwa kabati la vioo. Nukta akasimama mlangoni, na mambo yakamjia kwa mkupuo: fundi sauti akimwaga mchele kwenye sinia ili mvua inyeshe, fundi huyohuyo, na ndevu zake zote, akitembea juu ya ubao kwa viatu vya kike ili mama mkwe wa mchezoni aingie ndani, waigizaji wakibana vicheko mpaka machozi yanawatoka.

"Unanunua au umekuja kuzubaa?"

Sauti hiyo angeijua hata usingizini. Alikuwa Mama Kicheko, aliyemwigiza yule mama mkwe kwa miaka mingi, hadi watu sokoni wakawa wanampisha njia. Duka lilikuwa la mwanawe, naye alikuja kila siku kukalia makochi ambayo hayajapata mteja.

"Shemeji," alisema, maana alikuwa shoga wa marehemu mkewe, "unaandika?"

Nukta akampa kurasa. Mama Kicheko akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama enzi zile. Ukurasa wa pili akaishia njiani.

"Huyu mfalme sina ugomvi naye. Ila wewe, haya yote unamsimulia nani?"

Nukta akatazama viatu vyake.

"Zamani nilikuwa namsomea mwenzangu akipiga pasi. Pasi ikisimama, najua hapo nimemgusa. Ikiendelea na safari yake, nafuta. Siku niliyomsomea mama mkwe akiomba radhi, aliisahau pasi juu ya suruali yangu mpya, ikaungua. Niliivaa na kiraka chake, tena kwa maringo."

Mama Kicheko akacheka kile kicheko chake, hata mume na mke waliokuwa wakibonyezabonyeza kochi wakageuka.

"Sasa mbona hilo huliandiki?"

"Hilo ni la nyumbani."

"Na yule mama mkwe ulimtoa wapi? Si mama yako mzazi yule, ulimbadilisha jina tu?"

Nukta naye akacheka. Kisha akasema polepole, "Naogopa nikishamwandika, ndiyo basi tena. Atakuwa amekwisha."

Mama Kicheko akavua miwani. "Mimi marehemu mume wangu sikumwandika, wala sikumsimulia mtu. Juzi nikajaribu kukumbuka alivyokuwa akikohoa akifika mlangoni. Sikupata. Miaka yote ile nilikuwa namjua kwa kikohozi kile."

Mwenye duka alikuwa akipatana bei na wateja wake. Nukta akageuza kurasa za mfalme upande mweupe, akaomba kalamu, akaanza na suruali. Akiandika sentensi, Mama Kicheko anaisoma; ulimi wake ukijikwaa, anairudisha.

"Hapa umejitia usomi. Marehemu angekucheka."

Akaifuta.

Siku zilizofuata alikwenda dukani mara kwa mara, na sura ya kwanza ilipokamilika akamsomea binti yake jikoni. Binti alisikiliza huku akimenya viazi. Ilipofika ile habari ya pasi, akatabasamu.

"Baba, mara nyingine mama alikuwa anasimama kunyunyiza maji tu. Mimi nilikuwa nikimwona kutoka mlangoni."

Nukta akashusha karatasi. Akafikiria sentensi zote alizozibakiza kwa sababu ya matone ya maji, na zile nzuri ambazo huenda alizifuta bure, akacheka mpaka akashika mbavu. Machozi yalipomtoka hakuyaficha.

"Na wewe ukienda kazini," binti akaendelea, "alikuwa akiiga waigizaji wako wote. Fundi sauti pia. Anavaa viatu vyako, anatembea sebuleni."

"Mama yako?"

"Huyohuyo."

Miaka yote ya ndoa, na hakuwahi kuliona hilo. Akavuta kiti karibu, akatafuta kalamu.

"Alikuwa akitembeaje?" akauliza. "Hebu nionyeshe."

Binti yake akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akasimama.