Flashi Zilizopita Mlangoni

Jirani yangu wa ukuta mmoja anasema ofisini kwa mumewe kompyuta zote zilikufa siku moja. Eti mtu alifungua barua yenye picha ya gari, kaambiwa kashinda, na kabla ya saa sita mchana mashine kumi na mbili zimejifunga, wakubwa wazima wanaazimana kalamu. Jirani huyu hasemi jambo bila kulitia chumvi, lakini nilipolisimulia kazini, bosi hakucheka. Akamwita fundi wa kompyuta. Mdomo huponza kichwa.

Ofisi yetu ni ya wapima ardhi. Mimi niliingia kwa ufagio, elimu yangu darasa la saba. Mwaka juzi bosi akanikalisha kwenye mashine kuukuu ya mlangoni niwe naandika wageni. Nilianza kuchapa kwa kidole kimoja, sasa natumia sita.

Fundi alikagua asubuhi nzima, mashine moja baada ya nyingine, mimi namsogezea kiti. Mchana akatandaza karatasi tatu mezani kwa bosi.

"Kinga hii ni kali, haipitwi na kirusi, ila inaelemea mashine. Hii ya kati. Hii ya bure, na cha bure mnakijua."

"Ile ya mwaka jana ilinizeesha," akasema Dada Ramani, mchoraji wetu. "Nafungua ramani, naenda chooni, narudi, bado inafikiri. Nikaizima."

"Ukaizima?"

"Usinitolee macho, kaka. Tuliizima wote, na mzee hapa yumo."

Bosi akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Fundi akajifuta uso kwa kiganja. "Virusi vipo. Vingi nimevikuta mashine ya mlangoni, na ile haina nguvu ya kubeba kinga yoyote kati ya hizi. Itoeni. Wageni waandikwe kwenye daftari, hata mlinzi ataliweza."

Nikajua narudi wapi. Miguu ikaniuma kabla sijaushika huo ufagio.

Ofisini kwetu hakuna anayetuma ramani kwa mtandao, tangu moja ilipopotea kati ya chumba na chumba. Kila mtu huitia kwenye flashi, akaja kwangu, kwa kuwa printa imefungwa kwenye mashine yangu. Na siku ya kwanza bosi aliniambia, andika kila kinachopita mlangoni. Basi nikawa naandika na flashi pia: siku, saa, ya nani. Nikaenda kuichapa orodha, nikamwekea fundi mbele yake.

Akaisoma akifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hii ya Jumatatu, 'flashi ya bosi, ina michezo ya watoto'?"

"Ndiyo, kaka. Jumanne mashine ikaanza kujifungulia madirisha yenyewe. Nilisema, nikaambiwa ni uzee wake."

"Mdogo wangu!" Dada Ramani akapiga paja. "Yaani umetuandika wote? Polisi wamepoteza mtu."

Fundi hakucheka, alikuwa amechoka. "Basi tatizo si mashine ya mlangoni peke yake. Chukueni kinga ya kati, msiizime, na flashi za nyumbani zibaki nyumbani. Ila ile ya mlangoni bado ni dhaifu. Ikiongezewa kumbukumbu, kifaa kama kidole tu, itabeba. Isipoongezewa, itoke. Mwenye neno ni mzee."

Nikasimama mbele ya meza, mikono nyuma. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi.

"Bosi, naomba mashine yangu iongezewe hicho kifaa. Nimeizoea kazi hii."

Bosi alikuwa ameishika orodha yangu, anahesabu kwa midomo mistari yenye jina lake. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akamgeukia fundi.

"Kesho utakileta hicho kifaa saa ngapi?"