Mbuzi wa Kumfunga Susu Mdomo

Jua la Kyuso lilikuwa limeshika kazi yake mapema, na ndengu zilizotandazwa juu ya turubai zilianza kupasuka zenyewe. Ndila na jirani yake Kalekye walikuwa wanazipura kwa fimbo, mmoja akiinua, mwingine akishusha, huku wakiwateta madalali walioshusha bei mara tu shamba lilipozaa vizuri. Kasiva, mjukuu wa Ndila, msichana wa miaka tisa, alikuwa ametumwa ungo. Alipopita karibu, Kalekye aliinua fimbo yake juu, na mtoto akaangusha ungo, akachuchumaa, mikono yote miwili juu ya kichwa.

Kalekye akacheka. "Heh, huyu naye anafikiri yeye ni ndengu?"

Ndila hakucheka. Mtoto anayecheza hukimbia fimbo. Huyu hakukimbia, alijikunja akangoja, kama mtu aliyezoea. Na ile sweta. Tangu baba yake amlete shule zilipofungwa hakuivua, katika joto ambalo hata kuku walikuwa wanahema chini ya ghala.

Alimpeleka nyuma ya nyumba, akamimina maji kwenye karai, akamwambia avue polepole. Sweta haikutoka. Ilikuwa imegandamana na mgongo. Ndila akailowanisha kidogo kidogo mpaka ikaachia, na chini yake akaona mistari ya waya, mingine imeshakauka ikawa myeusi, mingine bado mibichi.

"Nilianguka, susu," Kasiva alimwambia bibi yake kabla hajaulizwa.

"Mtu akianguka huumia pahali pamoja, mama. Hizi ni za siku nyingi."

Hakumkazania. Alimkanda tu, kwa sababu mtoto hasukumwi kusema kama mbuzi anayesukumwa kwenye dipu ya dawa ya kupe. Mwishowe Kasiva akaliambia karai, "Baba alisema maziwa haiwezi kujimwaga yenyewe."

Baba huyo ni Musyimi, kifungua mimba wa Ndila. Ana duka la dawa za mifugo hapo sokoni, na Jumapili hushika maikrofoni kanisani akawafundisha watu jinsi ya kulea. Mke wake alimkimbia, akaenda kupika hotelini Malili. Siku hiyo Ndila alijua mwanamke huyo alikuwa anakimbia nini.

Alimfunga mtoto leso laini, wakaenda kwa naibu wa chifu. Nzau alikuwa amekaa ofisini anachaji simu. Koti lake alikuwa amelitundika juu ya bango la serikali lenye picha ya mtoto analia na namba ya kupiga bure. Koti lilimfunika yule mtoto mpaka machoni.

"Chifu, mtoto amepigwa na waya. Nataka barua twende hospitali, halafu polisi."

"Nani amempiga?"

"Baba yake. Musyimi."

"Musyimi huyu wetu? Wa dawa ya ng'ombe?" Nzau alichekea puani. "Mama Musyimi, leo umeamkia wapi? Unataka kufunga mtoto yako mwenyewe? Nani atakuzika?"

"Yule atakayekuwa karibu."

"Sikiza. Hii ni maneno ya nyumbani. Ukienda polisi hiyo ni kesi, utatembea korti mpaka uchakae. Wacha niite wazee, iishe leo."

"Mbona hilo bango lako halisemi wazee?"

Nzau akageuka, akaliona koti. "Hiyo ililetwa na watu wa NGO," alisema, akalivuta koti vizuri lisianguke.

Wazee hawakukawia. Mtoto akiumia, gari la serikali halina mafuta. Mbuzi akitajwa, wazee hufika hata wale wanaosemekana hawawezi kutembea. Alasiri walikuwa wamekaa uani kwa Ndila, wakiongozwa na Mutisya, mwenyekiti wa ukoo, na Musyimi akaja na beberu mwekundu amefungwa nyuma ya pikipiki.

"Nimekosa, mama," alisema. "Ilikuwa hasira."

"Huyo ni mwanaume," Mutisya alimsifu. "Amekubali mbele ya watu."

Basi, kesi ikawa imesikizwa. Kilichobaki ni kubishana kama beberu ana mafuta ya kutosha. Hakuna aliyeomba kuuona mgongo. Hakuna aliyemuuliza Kasiva neno, ila kumwita alete maji ya kunawa, awanawishe wazee na baba yake. Ndila alimpokonya jagi, akaliweka chini.

"Naweni wenyewe. Mikono mnayo."

Sasa, katika ukoo ule, aliyeleta malalamiko ndiye hula nyama kwanza. Akishatafuna, neno limelala, na atakayeliamsha ukoo utamlaani. Beberu alipochinjwa na ini kuchomwa, Mutisya alimletea Ndila kipande kwenye ncha ya kisu.

"Kula, Mama Musyimi, tumalize. Moshi inatuumiza."

Ndila alikishika. "Leo mtoto atalala wapi?"

"Kwa baba yake. Kwani wapi?"

"Mama," Musyimi alisema, taratibu sana, "kula."

Aliposikia sauti hiyo, Kasiva alijikojolea pale pale aliposimama. Wazee waliona. Mmoja baada ya mwingine wakaangalia nyama.

Ndila akakirudisha kipande cha ini juu ya majani palipowekwa nyama. "Hii siwezi kuimeza," alisema, akamshika mtoto mkono.

"Ukitoka bila kula," Mutisya alisema, "hakuna mtu wa ukoo atakanyaga hapa tena."

"Vumbi litapungua."

Kituo cha polisi walimkuta askari mmoja nyuma ya dirisha la mapokezi, Kisilu, mtu wa Makueni, kijiti cha meno mdomoni. Ndila alimweleza habari ya waya, ya mgongo, ya sweta. Kisilu alikuwa anatikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Susu, chifu amenipigia. Mmeongea, mmechinja. Hiyo imeisha."

"Muulize kama nimekula."

Kijiti kikasimama. "Hukukula?"

"Hata kuonja."

"Na mtoto?"

"Hata yeye."

Kisilu akakaa wima; hata kwao, nyama isiyoliwa haijalaza neno. Vitabu vya sheria vilikuwa nyuma yake kwenye rafu, na havikuwa vimemwamsha. Mgongo wa mtoto haukumwamsha. Kipande cha ini ambacho hakikuliwa ndicho kilichomtafutia kalamu.

"Aliyempiga anaitwa?"

"Musyimi Mulinge."

"Na wewe ni nani yake?"

"Mama yake."

Akaiweka kalamu chini. "Mama, hii kitu ikishaandikwa hairudi nyuma. Ni damu yako. Nenda ufikirie, ukuje Jumatatu."

Ndila alimkalisha Kasiva kwenye benchi, akamwegemeza ubavu ili mgongo usiguse ukuta. Kisha akarudi kwenye dirisha, akaisukuma kalamu kwa kidole mpaka ikamfikia.

"Andika sasa," alisema. "Na uandike vizuri. Jina hilo nilimpa mimi."