Beseni la Mwanariadha Bora

Tangu siku ile, nikiona kiti cha plastiki kimevalishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe wa zambarau, natafuta njia nyingine ya kupita. Sitii chumvi. Nafundisha hisabati katika sekondari moja ya bweni wilayani Muleba, na jioni nafundisha riadha, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Mwaka huu nilikuwa na ombi moja tu: Kokushubila aende kambini.

Koku yuko kidato cha tatu. Kwenye mashindano ya wilaya alikimbia mita elfu moja na mia tano akawaacha wenzake mbali mno, hadi waamuzi wakahesabu mizunguko upya wakidhani ameruka mmoja. Mkoa ukamwita Bukoba, kambi ya wiki tatu, waone kama anafaa kwenda taifa. Fomu ilitaka saini ya mzazi. Mzazi mwenyewe, Mzee Ishengoma wa Rubafu, alinijibu kwa simu kwamba Juni ni mwezi wa kuchuma kahawa, na kwamba hajapata kuona msichana aliyeolewa kwa sababu ya mbio. Nilimbembeleza wiki nzima. Mwisho tukakubaliana aje kwenye hafla ya shule ya kuwapongeza wanamichezo bora na makocha, aone kwa macho yake mwanawe anavyoheshimiwa, ndipo aamue. Hilo neno kuheshimiwa nililitumia mimi.

Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Lwakatare, aliamua kwamba kwa kuwa wanamichezo ndio wenye nguvu, wao ndio watakaoandaa hafla. Nilipomuuliza inakuwaje wanaopongezwa ndio wafanye kazi, akacheka, akasema sherehe ni yao. Basi timu ya mpira ikabeba viti mia mbili kutoka ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya kilima. Wasichana wa netiboli wakamenya ndizi mpaka utomvu ukawaganda vidoleni, mweusi, hautoki hata kwa sabuni. Walipomaliza wakaambiwa wavae sare, wajipange barabarani waimbe.

Mgeni rasmi, kiongozi wa serikali, aliitwa saa tatu akaja saa saba na nusu. Watoto walikuwa wamesimama juani muda wote huo na wimbo ulishawakauka kooni. Akashuka garini, tumbo limetangulia, akapanda ngazi tatu za jukwaa, akasimama kuhema. Halafu akatuhutubia dakika arobaini kuhusu faida za mazoezi. Nilitazama walimu wenzangu nione kama kuna anayeona ninachokiona. Walikuwa wanapiga makofi.

Kumbe alikuwa anasubiriwa Bukoba saa kumi. Mwalimu Lwakatare akatangaza kwamba, ili kumtunzia mgeni muda, chakula na zawadi vitakwenda pamoja: meza kuu wale, huku majina yakisomwa. Tulikuwa na samaki wa ziwani kutoka Kemondo, wakubwa, waliokaangwa kwa ajili ya meza kuu peke yake.

Mzee Ishengoma alikuwa safu ya nyuma kabisa. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka kwenye joto lile, na mkungu wa ndizi aliotuletea ulikuwa bado katikati ya miguu yake, kwa sababu hakuna aliyeinuka kumpokea. Nami sikuinuka. Nilikuwa kwenye viti vya makocha, vile vyenye utepe.

Meza kuu hawawezi kula bila kunawishwa, na matroni, Dativa, alishamchagua Koku kwa kazi hiyo. Alisema msichana ana adabu. Basi Koku akawa anapiga magoti mbele ya mgeni mmoja baada ya mwingine, jagi mkono mmoja, beseni mkono wa pili, taulo begani. Maji ya beseni yalikuwa yameshageuka rangi ya chai. Mgeni rasmi alinyoosha mikono bila kumtazama, simu ameibana kwa bega, anaongea na mtu wa Bukoba kuhusu mabati.

Hapo ndipo Mwalimu Lwakatare alipoita kwenye spika, "Mwanariadha bora wa mwaka, Kokushubila Ishengoma."

Koku aliinuka nusu. Dativa akamwambia kwa sauti ya chini, "Maliza kwanza." Akapiga magoti tena.

Lwakatare hakusubiri hata kidogo. Akasema atampokelea, akaivaa medali yeye mwenyewe, juu ya tai, akapigwa picha akiwa na mgeni rasmi. Binti alikuwa hatua tatu kutoka kwao, ameshika beseni. Nilisubiri mtu aseme. Wa kusema nilikuwa mimi, najua. Lakini jina lililofuata lilikuwa langu, kocha bora, na nilikwenda. Nilipewa saa ya ukutani yenye sura ya mgeni rasmi katikati, mishale inamzunguka puani. Nikatabasamu kwa sababu mpiga picha aliniambia nitabasamu. Mkono alionipa mgeni rasmi ulikuwa bado na unyevu wa maji ya Koku.

Magari yalipoondoka nilikwenda jikoni kumtafuta, nikamkuta anasugua masufuria. Baba yake alikuwa anakuja nyuma yangu na mkungu wake begani. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, lakini mzee aliutua mkungu chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "jina langu limesomwa kwenye spika mbele ya serikali. Na mtoto nimemwona. Ni bingwa, na bado anawapigia wageni magoti. Mimi nilidhani hizi mbio zitamharibu. Nipe kalamu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Na Mungu anisamehe, nilifurahi pia. Sikumsahihisha. Nilitoa fomu na kalamu upesi kabla hajabadili mawazo.

Koku akafuta mikono kwenye sketi, akaja, akaweka kiganja chake juu ya fomu.

"Taata, usisaini."

Baba yake akamuuliza kwa nini. Koku alinitazama mimi, si yeye.

"Huko Bukoba wageni watakuwa wengi zaidi."

Mzee akacheka. Alidhani mwanawe anaona haya mbele za watu, akamwambia atawazoea. Mimi nilijua anazungumzia beseni. Koku aliichukua kalamu mkononi mwa baba yake, akanirudishia, akarudi kwenye masufuria.